Fukusi Thelathini Kwenye Sinia

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya leo nimeaibika, hapa kwangu Kyimo, mbele ya majirani sita. Nawaandikia leo leo, wakulima wenzangu, ili jambo hili mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwao.

Mnajua wadudu hawa, fukusi, wanavyotoboa migomba shinani mpaka inaanguka na mikungu michanga. Dawa ya dukani imepanda bei tangu ruzuku iondolewe. Nikasoma vijitabu vitatu kuhusu kuvu inayowaua. Niliipata juu ya fukusi mfu, mweupe kama aliyepakwa unga, nikaikuza kwenye wali. (Mke wangu bado anaudai ule wali.) Kisha nikafungia fukusi thelathini kwenye chupa pamoja na hiyo kuvu. Kila asubuhi niliitikisa chupa, nikahesabu wasiosogea, nikaandika daftarini. Leo, siku ya nane: wote thelathini.

Nikaita majirani. Mama Subira alikuja na kikapu mkononi, akiwa njiani kwenda Tukuyu kununua dawa. Migomba yake kumi na mmoja imeshaanguka.

"Hela yako irudishe ndani," nikamwambia. "Akiinuka hata mmoja, dawa nalipa mimi."

"Mmesikia?" akawauliza wenzake.

"Tumesikia, mama."

Nikawamwaga fukusi kwenye sinia. Hakuna aliyesogea. Nikaeleza jinsi kuvu inavyopenya gamba la mdudu. Nilieleza kwa dakika kumi. (Mbili zingetosha.)

Mzee Ambakisye, jirani yangu wa bondeni, akainama. "Baba Atupele, maiti wako huyu anakwenda wapi?"

Mmoja alikuwa amenyoosha mguu. Wa pili akageuka. Punde wakawa wanashuka kwenye sinia kwa foleni.

Fukusi akishtuliwa hujifanya amekufa. Nalijua hilo, limo ukurasa wa nne wa kijitabu cha kwanza. Kwa siku nane nimekuwa nawatikisa kwanza, ndipo nawahesabu.

"Hawa watatu hawajaamka," akasema Mama Subira. Kweli, walikuwa wamefunikwa na ukungu mweupe. Hao walikufa kabisa.

"Watatu kwa siku nane," akasema mzee. "Kwangu wanazaliwa zaidi ya hao nikiwa nakunywa chai."

Nimekwenda Tukuyu na Mama Subira. Mwenye duka, ambaye nimemhubiria kuvu mwezi mzima, alinitazama, akafunga dawa, nami nikalipa.

"Ndaga fijo, Baba Atupele," Mama Subira akanishukuru. "Wale watatu usiwatupe. Wakifika thelathini wa kweli, niite tena."

Nitamwita. Nitahesabu kwanza, bila kutikisa. Anayetaka kucheka acheke, ila ajue kicheko hicho nimekilipia shilingi elfu nne na mia mbili.