Kreti Si ya Mtu

Jumanne, 1 Julai 2025

Naandika kwa sababu mambo mengine hayaambiwi mtu. Mashine ya kushusha avokado imekamilika. Waya mbili za chuma kutoka huku juu kwangu hadi barabarani chini. Kreti moja iko juu, nyingine chini, na kamba moja imezishika zote mbili kupitia gurudumu. Ya juu ikijazwa matunda inashuka, na ile tupu ya chini inapanda. Haitaki petroli wala stima. Mimi nilisema zamani kitu kama hiki kinawezekana hapa Mbooni. Nani alinisikiza?

Fundi akasema mwenyekiti ndiye ajaribu kwanza. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha avokado ni mimi, Kitonga. Kikundi kizima kikanigeukia. Nikachungulia chini. Paa la Jonah, lililo chini ya waya, lilikuwa dogo kama kiberiti.

Nikakohoa. Nikasema natunga sheria papo hapo. Kreti si ya mtu, ni ya matunda. Atakayepanda atalipa mbuzi, na kama ni wa kamati, ataacha kiti. Watu wakapiga makofi.

Jonah ni katibu wetu na amekitamani kiti changu miaka tisa. Akauliza kwa sauti kama mwenyekiti anaogopa. Nikamwambia mimi nilikuwa mchezaji wa ngoma ya kuruka, niliruka juu ya watu watatu waliosimama, na mmoja alivaa kofia. Jonah akasema mwaka jana nilipoisimulia watu walikuwa wawili na kofia haikuwepo.

Jioni afisa wa kaunti akapiga simu, binti anaitwa Muthoki. Atakuja kukagua Alhamisi ya wiki ijayo. Akisikia mtu hata mmoja amebebwa, anafunga mashine na msimu wote umekwisha. Nikamwambia sheria hiyo nilishaitunga kabla hajaisema. Akanisifu.

Mke wangu Syokau amebeba avokado kwa mukwa miaka arobaini, ukanda wa ngozi kipajini na gunia mgongoni. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri tena. Leo ameutundika mukwa ukutani, akakaa kuutazama. Mashine ikifungwa, atautoa.


Jumatano, 2 Julai

Nilikwenda alfajiri kukagua mbao za kreti. Syokau alikuwa ameshashuka na maziwa barabarani. Nikaingia ndani ya kreti nikakaa. Kukaa si kupanda, sheria iko wazi.

Ndoano inayoishika kreti huku juu ikafunguka. Sijui ilifungukaje. Mkono wangu ulikuwa karibu nayo.

Tumbo lilibaki juu, mimi nikaenda. Upepo ukaingia mdomoni ukakataa kutoka. Miti ikapita chini ya miguu yangu kama mbuzi wanaokimbizwa. Nilimwita mama, ambaye alikufa mwaka wa tisini na mbili. Nikamwahidi Mungu mambo mengi na mengine ni makubwa, itabidi nizungumze naye tena. Kisha kreti ikagonga tairi zilizowekwa chini kuizuia na kila kitu kikanyamaza.

Nilikaa pale nimeshika ubao wa mbele. Nikasema sirudii kamwe. Halafu nikasikia mtu anacheka. Nikatazama huku na huku. Alikuwa ni mimi.

Nimepanda mlima kwa miguu, saa nzima. Njiani nikawa nafikiri ni vizuri zaidi kushika ubao wa nyuma kuliko wa mbele. Nimelikataa wazo hilo mara tatu.


Ijumaa, 4 Julai

Ubao wa nyuma ndio mzuri.

Jana jioni ugali ulinishinda. Nikauangalia na ukaniangalia. Syokau akauliza kuna nini, nikasema tumbo. Sikulala. Asubuhi, nikiikaribia ile kreti, miguu ilitaka kurudi nyumbani na moyo ulitaka kushuka, na mimi mwenye mwili sikuulizwa. Nikapanda.

Njiani kuna jiwe kubwa, na kutoka hapo hadi mwisho wa shamba la Jonah nafumba macho. Hiyo ni sala. Mtu asiseme ni woga.

Lakini leo mashine ilikuwa nzito, si kama Jumatano. Nashuku Jonah. Yeye ndiye hupaka grisi. Lazima amepaka mafuta ya kupikia ili mashine ionekane mbaya wakati wa uenyekiti wangu.

Nilipofika nyumbani nikihema, Syokau alikuwa amesharudi na chai iko mekoni. Hakuhema hata kidogo, mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye goti bovu. Nikamwambia kunifuata mimi miaka hii yote ndiko kumempa nguvu. Akasema ni kweli kabisa.


Jumapili, 6 Julai

Kanisani mchungaji aliomba tumshukuru Mungu kwa mashine. Jonah akainuka. Akasema anashukuru pia, lakini Jumatano alfajiri alisikia kitu kinalia hewani juu ya shamba lake. Watu wote wakageuka. Kiti changu kikawa cha moto.

Nikainuka nami nikasema ni pimbi. Pimbi hulia hivyo msimu wa baridi, mtu aliyelelewa vizuri anajua.

Jonah akauliza tangu lini pimbi anaita mama.

Watu wakacheka, hata mchungaji. Mimi nilicheka kuliko wote, lakini jasho lilishuka mgongoni hadi kwenye mshipi. Kutoka nje, Jonah akanishika mkono kwa adabu sana. Akasema, mzee mwenzangu, kuanzia kesho nitakuwa naamka mapema. Nikikamata huyo pimbi nitamleta mbele ya afisa. Nikamuuliza kama anajua afisa atafunga mashine. Akasema hilo ni langu mimi mwenyekiti kulifikiria.

Basi nimeamua kuacha. Mimi ni mzee wa kanisa. Avokado ziko kwenye miti yote zinangoja, Syokau ana goti. Siku nne tu hadi ukaguzi. Mtu mzima hawezi kushindwa siku nne.


Jumanne, 8 Julai

Nimeshinda siku mbili. Sijawahi kuona mtu mwenye nguvu kama mimi.

Leo tulipima kreti za kwanza za Alhamisi. Watu walipoondoka nikasimama kwenye mizani ya avokado. Kilo sitini na moja bila viatu. Ningekuwa tunda ningeenda Ulaya.

Kisha nikasikia kwamba baada ya ukaguzi mashine itatiwa kufuli, iwe inafunguliwa wakati wa kazi tu. Nikahesabu. Imebaki alfajiri moja. Kesho.

Sasa nauliza, na hapa hakuna wa kunijibu. Afisa akiniuliza kama mashine ni imara, mwenyekiti atajibu nini? Atasema alisikia? Si ni kazi ya mwenyekiti kujua?

Mapema ya Jonah ni saa kumi na mbili. Nitashuka saa kumi na moja na nusu. Kuna ukungu pia, ukungu mzito wa Julai, mtu haoni mkono wake.

Wakati wa chakula Syokau aliondoa sahani yangu kabla sijasema lolote kuhusu tumbo.


Jumatano, 9 Julai

Naandika mchana.

Nilichelewa. Miguu ilikataa dakika kumi nzima kuingia kwenye kreti. Nikaingia. Nikafungua ndoano. Kreti ikashuka, ikapita jiwe, nikafumba macho, nikaanza sala. Sala ikaisha. Nikaanza nyingine. Upepo ukapungua. Ukaisha kabisa.

Kreti ilisimama.

Sikufungua macho. Mtu akifungua macho anapokea habari. Nikasikia waya inalia polepole kama mlango. Halafu nikasikia mtu anapumua karibu nami, huko hewani, mahali ambapo hata ndege hakai.

Nikafungua. Kreti ya pili ilikuwa imesimama kando yangu, umbali wa mkono na nusu. Ndani yake alikaa Syokau, shuka mabegani, mtungi mtupu wa maziwa kati ya miguu, gunia dogo la unga mapajani. Alikuwa ametulia kama mtu anayengoja zamu zahanati.

Akaniamkia. Akauliza nimeamkaje.

Nikamuuliza kwa mnong'ono anafanya nini hapo. Akasema anakwenda nyumbani. Akasema Jumatano ile alikuwa nyuma ya kibanda cha maziwa na alinisikia nikimwita mama mkwe wake hadi chini. Tangu hapo, jioni nikikataa ugali yeye hujua asubuhi kuna gari. Hukaa kwenye kreti ya chini akangoja. Mimi nashuka, yeye anapanda. Ijumaa tulipitana hapa hapa na alinisalimia, nikawa nimefumba macho.

Mafuta ya kupikia! Nilikuwa nimemlaumu Jonah wiki nzima.

Nikauliza mbona leo tumekwama. Akanionyesha gunia. Kilo kumi za unga, za kumpikia afisa kesho. Yeye ni hamsini na mbili. Ukijumlisha, tumelingana. Akaongeza kwamba na mimi sikula jana.

Nikamwambia atupe unga. Akasema unga wa nani utupwe? Nikamwambia ni amri ya mwenyekiti. Akasema mwenyekiti hatakiwi kuwa hapa.

Wakati huo mlango ukafunguka chini yetu. Jonah. Tulisikia akikohoa, akimtukana mbwa, akianza kupiga mswaki. Alikuwa moja kwa moja chini ya miguu yangu. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Niliona kona ya paa lake, kisha pipa lake la maji, kisha kandambili moja.

Syokau akainamia upande wangu. Sasa hakuwa anatania. Akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema polepole, Baba Katunge, mimi siwezi kurudi kubeba. Goti hili halitamaliza msimu mwingine. Chukua unga huu uwe mzito wewe, ushuke. Simama uupokee.

Kusimama! Kwenye kreti inayobembea, mikono yote miwili ikiwa imeachia ubao. Nikamwambia nitaupokea nikiwa nimekaa. Tukajaribu. Haukufika. Kreti ikayumba na nikauona ulimwengu wote mara mbili.

Akanikumbusha kwamba niliruka juu ya watu watatu. Nikasema watu wale walikuwa wamesimama ardhini. Akasema na mmoja alivaa kofia. Nikamtazama. Ananijua vibaya huyu mama.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikaachia mkono mmoja, nikaachia wa pili, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja sikushika kitu chochote duniani. Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilikuwa nakufa kwa woga na sikutaka iishe.

Gunia likafika mikononi. Lilikwaruza msumari wa kreti, likapasuka kidogo. Unga ukamwagika chini kwa utulivu mkubwa. Mswaki ukanyamaza. Nikachungulia. Jonah alikuwa ameinua uso, kichwa cheupe kwa unga kama yai la mbuni, mdomo wazi, povu kidevuni. Tukatazamana.

Kisha sabini na moja ikaishinda hamsini na mbili, nikaondoka. Nililia hadi chini. Sikumwita mama. Nilipiga kelele tu, na Syokau akipanda nyuma yangu nilimsikia akicheka kama msichana wa kuchota maji.


Alhamisi, 10 Julai

Muthoki alifika saa nne na kitabu kikubwa. Akagonga nguzo, akavuta waya, akaangalia gurudumu. Tulikuwa tumepanga kreti themanini kando ya njia, na nusu ni za Jonah. Wanawake wote walisimama nyuma wakingoja. Syokau hakunitazama.

Muthoki akafungua kitabu, akauliza mbele ya wote: kuna mtu yeyote amebebwa na mashine hii?

Nimeshaning'inia hewani. Haikuwa mbaya kama kimya kile.

Jonah akainuka. Sikioni bado alikuwa na unga. Akatazama kreti zake. Akamtazama mke wake, ambaye naye mukwa umemwachia alama kipajini. Akanitazama mimi kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Akasema, afisa, sisi tuna sheria hapa. Kreti si ya mtu. Akakaa.

Muthoki akatia sahihi. Kreti ya kwanza ikashuka na wanawake wakapiga vigelegele.

Jonah akanivuta nyuma ya nguzo. Mbuzi leo kabla ya jua kuzama, akasema, na kiti kabla ya Jumapili. Nikamwambia nilikuwa nimepanga kupumzika hata hivyo. Alichagua mbuzi mwenyewe, yule wa rangi ya kahawia. Nilimuuliza Syokau kama yeye halipi faini. Akasema faini ni ya mtu aliyepanda, na yeye alikuwa mzigo.

Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau. SITAPANDA TENA.


Jumatatu, 14 Julai

Ufunguo wa kufuli unaning'inia shingoni mwa Jonah, mwenyekiti mpya. Kutwa nzima nasikia waya ikiimba, na kila kreti ikishuka tumbo langu linaifuata.

Leo nilimtembelea. Miaka tisa sijakanyaga kwake. Tukazungumza habari za mvua. Kisha akatazama viatu vyake, akauliza, huko katikati kukoje?

Nikamweleza. Sikuongeza chochote, ila kidogo. Akasema yeye hawezi, akipanda hata ngazi kichwa kinazunguka na anatapika. Nikamwambia basi yeye ndiye mtu anayefaa, maana asiyeogopa hapati kitu kule, anabebwa tu kama avokado. Akashika ufunguo.

Tumepanga Alhamisi alfajiri. Yeye ana kilo themanini na nne, ataanzia juu. Mimi nitakaa kreti ya chini, anivute. Kupanda sijawahi kuonja.

Amepiga simu sasa hivi kuuliza avae nini. Nimemwambia avae koti lake zito na viatu vya shamba, kuna baridi. Kwamba kila kilo inaongeza mwendo, hilo sikumwambia. Ugali wa leo umeshanishinda, na ni Jumatatu tu.