Orodha ya Theluji Iliyopangwa Mara Tatu

Jumatatu, 13 Januari
Itangazwe kwa wakubwa na wadogo: leo meza yangu imesogezwa hatua mbili kuelekea mashine ya kahawa. Dalili njema! Bi Marlys, bosi wetu hapa ofisi ya barabara ya kaunti, anatafuta mkuu wa kanzidata, yaani ghala letu la kumbukumbu kwenye kompyuta. Tumebaki wawili: mimi, Arvid Tollefson, miaka ishirini na miwili kazini, na Inez, miaka miwili. Atakayeharakisha orodha ya barabara zinazosubiri kuondolewa theluji kabla ya Alhamisi, cheo chake. Maskini Inez.

Jumanne, 14 Januari
Hila imepatikana. Madereva wa magari ya kuondoa theluji hawasomi majedwali yenyewe ya kanzidata. Wanasoma mwonekano, yaani dirisha nililowatengenezea la kuchungulia ndani. Basi nimeliamuru dirisha lenyewe lipange barabara, iliyosubiri zaidi iwe juu. Juu yake nikajenga dirisha la pili, nalo linapanga. Kisha la tatu. La kwanza likiteleza, la pili litadaka! Nimejaribu kwenye kompyuta yangu, yenye barabara arobaini. Kufumba na kufumbua! Nikajipongeza kwa donati mbili.

Jumatano, 15 Januari
Inez kachungulia kazi yangu. Kaniuliza, mzee wangu, kitunguu kimoja unakimenya mara ngapi? Eti madirisha yasipange kitu. Eti nichuje barabara za leo kwanza, nipange mara moja tu, mwishoni, na tarehe niziwekee faharasa ili mashine isipekue kila kitu. Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa napanga data yeye akipangwa mstarini chekechea. Akacheka. Wivu huo!

Alhamisi, 16 Januari
Theluji hadi magotini. Nikabonyeza mbele ya Bi Marlys na madereva kumi na mmoja. Skrini tupu. Kahawa ikaisha. Dereva Duane akauliza kama orodha inakuja kwa miguu. Mwenzake akamwambia amwache mzee wa watu, labda nayo imekwama kwenye theluji. Nikalaumu baridi. Bi Marlys akasema, kwa upole unaoua: Arvid, baba, inuka kidogo, mpishe Inez.

Ijumaa, 17 Januari
Ukweli ni huu, bila chumvi. Mashine haikuugua. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mistari arobaini. Kanzidata halisi ina milioni nne, kila theluji tangu 1998. Niliilazimisha iipange yote, mara tatu, ili itoe barabara ishirini. Dakika arobaini na moja! Inez alifuta mipangilio yangu, akaweka faharasa, akapanga mara moja. Sekunde moja. Gari la wagonjwa lilikwama mtaa wa Birch kwa sababu yangu, likapita kwa sababu yake. Shukuru Mungu, mgonjwa mzima. Cheo kachukua Inez, na ni haki yake.

Mimi nimepewa orodha ya leseni za mbwa. Mbwa mia tatu na kumi na wawili tu! Madirisha manne tayari nimeshajenga.