Pedali ya Kulia

Jumatatu, 6 Mei
Nimechoka. Mguu umevimba tena. Upande wa mwalimu kuna pedali mbili tu, klachi na breki, na hiyo ya kulia, yaani breki, nimeikanyaga kutwa nzima. Nesi mstaafu, mwanafunzi wangu wa pekee aliyebaki, leo ameona kona akaachia usukani ili ajifunike macho. Nikakanyaga. Akaniita mwanangu, akanishukuru.

Kisha simu kutoka idara ya leseni. Walimu wote wa udereva tutakaguliwa tukiwa kazini. Alhamisi mkaguzi atakaa kiti cha nyuma aone ninavyofundisha. Nikishindwa, kibali kinakwenda. Bila kibali mimi ni nani? Mzee mwenye gari la breki mbili!

Jumanne, 7 Mei
Nimepata! Nesi simpeleki. Nitampeleka shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa malori tangu ujana. Atajifanya mwanafunzi, sifa zitakuwa zangu. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ndiyo maana nimechagua ile ndefu ya kuzunguka uwanja. Hakucheka. Huyu mwanamke!

Jumatano, 8 Mei
Mazoezi na shemeji. Balaa. Nilimwomba aliache gari lizimike mara moja tu barabarani, nipate cha kumrekebisha. Akakataa katakata. Eti gari halijamzimikia tangu aote ndevu. Nikambembeleza mpaka koo likakauka. Mwishowe akakubali kusahau indiketa. Moja.

Nesi alipiga simu kuuliza mbona hakuna somo. Nikasema gari linaumwa. Akaliombea lipone.

Alhamisi, 9 Mei
Sitaki kuandika.

Mkaguzi, mama mpole wa miwani, akaketi nyuma. Shemeji akashusha kioo, akatoa kiwiko nje, akaliingiza gari barabarani kwa mkono mmoja. Indiketa hakuisahau. Kiburi! Njiani akamweleza mkaguzi namna ya kushuka mlima na shehena ya saruji. Mkaguzi akauliza amejifunza kwa muda gani. Nikasema wiki mbili. Shemeji akaguna.

Mkaguzi akaomba mwalimu aonyeshe kuegesha kwa kurudi nyuma. Mimi! Miaka yote hii wanafunzi ndio huniendesha. Tukabadilishana viti. Nikarudi nyuma, ukuta ukasogea, nikakanyaga ya kulia kama kawaida yangu. Lakini upande wa dereva ya kulia ni mafuta! Gari likanguruma, likaukimbilia ule ukuta. Likasimama inchi chache kabla ya kuugusa. Shemeji alikuwa amekanyaga breki ya mwalimu.

Mkaguzi akamuuliza shemeji kama amewahi kufikiria kufundisha.

Ijumaa, 10 Mei
Kibali kimesimamishwa. Sharti nifundishwe upya na mwalimu anayetambulika, kisha nipimwe.

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji amepata kibali. Nesi ni mwanafunzi wake sasa, anapita kona macho wazi. Mimi namfuatia kwa zamu, kibao cha L mbele na nyuma ya gari langu mwenyewe. Leo nimekanyaga ya kulia tena. Nesi, aliyekuwa nyuma akisubiri zamu, akajifunika macho. Kisha akanishika bega, akasema mwanangu, taratibu, hata mimi nilianza hivihivi. Niliumia. Mtu mwema kama huyu ndiye niliyemficha asionwe na mkaguzi nikiona aibu.

Shemeji anasema nikifanya mazoezi kila asubuhi nitafaulu. Kila asubuhi! Kwa mguu huu?

Jumanne, 4 Juni
Nimepata! Binamu yangu dereva wa teksi ana upara kama wangu na tumbo kama langu. Nikimvisha koti langu, yule mama wa miwani atajuaje? Nimempigia, amekubali kunifanyia mtihani. Tatizo moja dogo: teksi yake iko gereji, hana usafiri wa kumfikisha kwa mkaguzi. Nimemwambia asijali. Nitamfuata mwenyewe, na nitaendesha mimi.