Nyumba Iliyobebwa kwa Kipoyi

Sebahire, ambaye Bihambwe nzima ilimwita Gazeti, hakuwa na desturi ya kuketi kabla ya kumwaga habari. Siku hiyo alishuka kwenye lori la viazi alilokuwa konvoyeri wake, yaani utingo, akapangusa vumbi la njia ya Sake usoni, akasimama mlangoni mwa kibanda cha Béata.

"Kuna nyumba inakuya," akasema.

Hakuna aliyeinua kichwa. Wanaume watatu walikuwa kwenye benchi, kila mmoja na mrija wake ndani ya kibuyu kimoja, na kasikisi ya ndizi ya Béata haikuwa pombe ya kuachwa kwa sababu ya nyumba.

"Muntu njo anakuya ku nyumba," alisema Mbonigaba bila kutoa mrija mdomoni. "Nyumba yenyewe inakala."

"Hii inatembea. Iko na magurudumu mawili, iko na dirisha, iko na pazia. Ndani kuna kitanda, kuna ziko, kuna hata choo."

Hapo Nestor aliacha kunywa. Nestor alikuwa mwindaji wa upande wa Pinga, huko Walikale. Alikuja Bihambwe kuuza nyama kavu, nyama ikaisha, na tangu hapo kila siku alisema anarudi kesho. Walimwita Musitu.

"Choo inatembea na nyumba?"

"Inatembea."

"Na yenye iko ndani ya choo, nayo inatembea?"

"Inatembea yote, Musitu. Inavutwa na kamio ya Bwana Buloni."

Jina hilo, maana yake boliti, walilijua. Bwana Buloni alikuwa mlowezi wa kahawa kule chini, upande wa Sake, Mzungu aliyeaminiwa kuwa hawezi kulala kama hajafungua kitu na kukifunga tena.

"Alinunua kamio ya askari, yenye ilibakia ku vita," Gazeti aliendelea. "Akaikata nyuma, akaiunga tena. Akatoa motere, akatia ingine kubwa kuliko akili yake. Nyuma akaongeza matairi. Mbele akatia kamba ya chuma. Kamio ikikwama, inafunga kamba ku muti, inajivuta yenyewe."

"Na kama hakuna muti?"

"Anafunga ku bantu."

"Na nguvu yote ile ni ya kuenda wapi?"

"Walikale. Yeye na madamu wake banaenda kupumzika."

Musitu aliwatazama wenzake mmoja mmoja. "Miye nimezaliwa kule. Nimewinda kule, nimeoa kule. Mahali ya kupumzika sijaionaka."

"Njo maana anabeba nyumba."

"Lakini ngoja. Muntu anafanya safari ju ameichoka nyumba yake. Huyu anasafiri na nyumba. Sasa kule nyuma ameacha nini?"

"Ameacha kazi, na bantu ba kuifanya."

Papa Séraphin alicheka puani. Alikuwa mkubwa wao, na kilima kizima kilimheshimu kwa sababu ya kipoyi. Kipoyi ni machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa, na Séraphin ndiye aliyekuwa kiongozi wa wabebaji. Alipopiga kelele mlimani, kila mwanaume mwenye mabega alitupa jembe.

"Baba zetu walibeba muzungu ku kipoyi," akasema. "Sasa muzungu anavuta nyumba yake mwenyewe, na nyinyi munacheka. Afazali mushukuru. Angeweza kuwaita mubebe nyumba."

Wote walicheka, isipokuwa Mbonigaba. Béata, aliyekuwa akisuuza vibuyu pembeni, aliliona hilo kabla ya wengine. Mbonigaba alikuwa kantonye, mtu wa barabara, mwenye jembe la serikali na kipande chake cha njia, kuanzia kona ya kibanda mpaka darajani. Kwa kawaida hakuna aliyewacheka Wazungu kumshinda.

"Kantonye, umeza basi," alisema Gazeti. "Neno imekukaba."

Mbonigaba aliupangusa mrija wake kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesafisha bunduki.

"Mujumbe wa shefu amenipitia asubui. Ile kamio na ile nyumba ikiungwa ni ndefu. Kona ya hapa haiwezi. Huku bonde, huku..." Aliinua macho kwenye nyasi za paa, kisha akayashusha haraka. "Huku kibanda. Banasema kitoke. Mimi njo wa kukitoa."

Kibuyu kiliponyoka mikononi mwa Béata, kikabingirika mpaka miguuni mwa Musitu. Béata alikiokota, akarudi mahali pake, akaendelea kukisuuza ingawa kilikuwa safi.

Nguzo za kibanda kile zilichimbiwa na mama yake, na mama yake alikuwa amekufa. Magari yalipunguza mwendo pale kwa sababu ya kona, madereva wakapata kiu kwa sababu ya kupunguza mwendo, na Béata akala kwa sababu ya kiu yao. Mahali pengine barabarani, msichana asiye na mume wala baba asingepewa hata pa kuanika nguo. Haya yote aliyajua. Kuyasema mbele ya wanaume wanne ndiko kulikomshinda.

"Siku ngapi?" aliuliza Séraphin.

"Iko njiani kesho."

"Bazungu ni batu ba ajabu," alisema Musitu. "Muntu mwenye nyumba moja ku Sake na ingine ku mukia anakuya kuvunja ya muntu mwenye iko na moja."

"Si yeye, ni serikali."

"Serikali njo inaenda kupumzika?"

Benchi likairudia mirija. Kisha Séraphin akauegemea ukuta, akafumba macho.

"Hii nyumba, inashindwa kupita, si vile?"

"Inashindwa."

"Muntu mwenye anashindwa kuenda na miguu yake tunamwitaka nani?"

Gazeti alikuwa wa kwanza kuelewa, na kwa furaha aliketi bila kualikwa. "Mugonjwa."

"Bon. Mugonjwa tunamubeba. Wafungue ile nyumba ku kamio, kamio ipite yenyewe, sisi tupitishe nyumba ku mabega. Kibanda kinabakia. Kantonye anasema njia ilikuwa wazi."

"Papa, ulisema tushukuru ju hatukuitwa."

"Na hatujaitwa. Tunajiita."

Kesho yake lori lilifika kabla ya jua kuwa kali, na kweli lilikuwa na sauti ya kutosha magari matatu. Nyuma yake ilikuja nyumba nyeupe, ndogo, ya mabati laini, na pazia la maua dirishani. Gazeti, aliyejua Kifaransa chote cha barabarani, yaani simama, songa na rudi nyuma, alikwenda kueleza. Aliyapanga maneno yake matatu kwa namna mbalimbali, akaongeza mikono, na Bwana Buloni akakubali. Kazi ya kufungua kitu haikuwa ya kumchosha hata kidogo.

Séraphin akapiga kelele. Kilima kikashuka. Mianzi ikapitishwa chini, nyumba ikapanda mabegani ikiwa na vikombe vyake ndani vikigonganagongana, na wimbo wa kipoyi ukaanza. Kona ikawa nyuma yao kama mchezo. Bwana Buloni alipitisha lori lake, akalisimamisha mbele, akashuka na nyundo yake kungojea aletewe nyumba aifunge.

Nyumba ilimpita.

Ilimpita ikiimbiwa, ikaacha barabara, ikateremka njia ya mkato katikati ya migomba, na pazia likimpungia.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya milima ya Muheto, benchi lilikuwa limejaa, na Bwana Buloni mwenyewe alikuwa amekaa juu yake. Alikuwa na matope mpaka magotini. Béata alimpa mrija bila kumtazama, naye akaunywea bila kuuliza ni wa nini. Nyumba yake ilikuwa chini kwenye kijito, safi kabisa, mahali ambapo hata mbuzi alifika kwa kufikiri. Kamba ya chuma ilikuwa imefungwa kwenye kila mti uliokuwapo. Miti iling'oka. Nyumba ilibaki.

"Anauliza nini?" alisema Séraphin.

Bwana Buloni alikuwa amesema maneno mengi sana. Gazeti alifikiri. "Anauliza kwa nini hamukusimama."

"Muambie mugonjwa hashushwi chini mbele ya kufika ku mupaka. Akishushwa katikati, kifo inabakia ku kilima chetu. Mupaka ni kijito. Tulimufikisha ku kijito."

"Njia ya kamio inapita ku daraja, Papa," alinong'ona Mbonigaba.

"Kipoyi imepita ile njia ya mukato tangu babu yangu. Kamio ya babu yake ilipita wapi?"

Gazeti alimgeukia Mzungu, akamwambia simama, akatikisa kichwa, akamwambia songa, akaitikia kwa kichwa. Bwana Buloni alishika kichwa.

"Na batu ba Muheto?" aliuliza Musitu. "Kupita kijito, kubeba ni kazi yao."

"Walikuya," alisema Séraphin kwa uchungu wa kweli. "Mukubwa wao akafungua mulango, akaangalia ndani, akauliza mugonjwa iko wapi. Tukamwambia mugonjwa ni nyumba. Akafunga mulango. Akasema wao ni Bakristu, banabeba muntu."

"Aliona choo?"

"Aliona. Alibakia kule kidogo."

Bwana Buloni akasema tena, safari hii akinyoosha kidole juu, kuelekea barabarani.

"Anaomba tuirudishe huku," alisema Gazeti. "Iyo nimeelewa, ni rudi nyuma."

Séraphin alitikisa kichwa kama mtu anayenyimwa usingizi. "Haiwezekani. Mugonjwa akipona anarudi na miguu yake. Kama tukimubeba kumurudisha, ni maiti."

"Basi iko maiti," alisema Musitu.

"Mwenyewe njo wa kusema vile. Mimi siwezi kuua mali ya muntu."

Kazi ya kumweleza Mzungu kwamba nyumba yake inatakiwa kufa ilimchukua Gazeti kibuyu kizima. Alilala chini, akafumba macho, akakunja mikono kifuani, kisha akaonyesha kijito. Bwana Buloni alimtazama, akawatazama wote, akatazama nje, ambako madamu wake alikuwa amekaa ndani ya lori lenye nguvu kuliko yote ya Kivu, akiwa hana mahali pa kulala. Akavua kofia.

"Amevua," alisema Musitu. "Imekufa."

"Pole yake," alisema Mbonigaba. Kisha akakumbuka jambo, na furaha ikamtoka usoni. "Kesho tunaipandisha. Halafu inaenda Walikale. Halafu ikirudi kutoka Walikale, inakuta kona ileile, na batu ba kipoyi wamechoka. Mujumbe atanipitia tena. Mara hii hatakuwa na huruma."

Wote wakakitazama kibanda kama watu wanaotazama mgonjwa wa kweli. Béata alikuwa na kibuyu mkononi. Alikiweka chini.

"Papa Séraphin," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini benchi halikuwa limeizoea, kwa hiyo likageuka lote. Alitamani kuirudisha. Ikawa imeshatoka.

"Maiti... maiti munaipelekaka wapi?"

Séraphin alimtazama. Mdomo wake haukucheka. Macho ndiyo yaliyoanza.

"Kwao," akasema. "Kwenye alitoka. Hata kama alikuwa anaenda Roma, maiti inarudia kwao."

"Na kwao," alisema Gazeti polepole, "ni upande wa Sake."

"Mimi sijui Sake. Mimi najua upande gani wa kona nilimupokea. Upande ule njo nitamurudisha."

Asubuhi nyumba ilipanda mlima kimyakimya, kwa sababu maiti haiimbiwi wimbo wa kipoyi. Bwana Buloni alikuwa amelipanga lori lake mbele ya kona, likitazama Walikale. Nyumba ilimpita tena. Ilizunguka kona polepole, ikiwa na pazia lililofungwa, na ikashushwa mahali palepale ilipochukuliwa, mlango ukielekea Sake. Wanaume walivua kofia, wakaenda kuketi kwa Béata, maana baada ya maiti hakuna anayerudi shambani siku hiyo.

Bwana Buloni alisimama kwenye kona. Alitazama lori upande huu, nyumba upande ule, kibanda katikati, na wabebaji wote wa kilima ndani ya kibanda wakimtazama kwa heshima ya msiba. Madamu akamwambia maneno machache. Gazeti hakuyatafsiri, na hakuna aliyemwomba. Lori likarudi nyuma, likazunguka kona lenyewe kwa urahisi kabisa, likaungwa na nyumba, likateremka.

"Lina nguvu," alikiri Musitu. "Tazama vile linavuta maiti."

Mjumbe wa shefu alipita mchana, akakuta kibanda bado kimesimama. Mbonigaba alimtokea mlangoni na jembe lake la serikali, amejinyoosha.

"Nilikuambia kitoke."

"Uliniambia kitoke ju nyumba ipite. Nyumba imekufa, imerudishwa kwao. Sasa njia ni ya nani?"

Mjumbe alifikiri. Jua lilikuwa kali, na kutoka ndani ilikuja harufu ya kasikisi mpya. Akauliza kama mtu aliyepita tu njiani anaruhusiwa kuhani.

Béata alikuwa ameshamletea mrija.

"Kaa, kaka," akasema, na safari hii alisikika mpaka nje. "Tuko ku msiba."

Musitu alimsogezea nafasi kwenye benchi. "Miye narudi Walikale kesho," alimwambia. "Ukiwa na nyumba ya kutuma, unipe."