Kulazimishwa Kuongea Nikiwa kwenye Mashine ya Kukimbilia

Kwa Meneja,
Ukumbi wa Mazoezi,
Mkabala na duka la dawa.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KOCHA, MASHINE YA DIRISHANI NA BENCHI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, ingawa kwa mtu wa kazi yako sioni afya ingekwenda wapi. Mimi ni fundi cherehani wa duka lenye mlango wa kijani, upande wa pili wa barabara. Kama hunijui kwa sura, utanijua kwa umbo: ndimi yule mwanachama mpya ambaye siku ya kujiandikisha mlimwekea viti viwili. Nilivikalia vyote, na ninawashukuru.

Mimi ni mnene. Sisemi nina mwili wa heshima, kama wasemavyo wateja wangu ninapowapima na hawataki kusikia namba. Ni mnene kiasi kwamba utepe wangu wa kupimia huanza safari na kuishia njiani. Daktari alipomaliza kuusikiliza moyo wangu alivua miwani, akanieleza kwamba nikiendelea hivi utanigomea, na kwamba nianze kutembea kwenye mashine chini ya mtu anayejua kazi yake. Nisingependa kufa, Ndugu Meneja. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani nalalamika kwa uvivu. Nalalamika kwa sababu zifuatazo.

1. Sikuteswa.

Nilikuja kwenu nikiwa tayari kuteseka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa mazoezi lakini ni mtaalamu wa kila kitu, alinieleza kwamba mtu wa uzito wangu hana muda wa kupoteza: apandishe mwendo mpaka mwisho, akimbie mpaka aone nyota, na kesho yake arudie. Nilikuja na taulo za kutosha na wosia kichwani.

Kumbe mlikuwa mmeniwekea yule kijana wenu ambaye wanachama wanamwita Kocha Taratibu. Kwanza alitaka kuona cheti cha daktari. Kisha akaviminya viatu vyangu kwa kidole gumba, akavikataa, akanirudisha nyumbani kutafuta raba zenye soli laini. Niliporudi akanitembeza ukumbini kuamsha misuli, kana kwamba ilikuwa na mpango wa kuamka. Ndipo akanisimamisha kwenye kingo za pembeni za mashine, akawasha mkanda, akaniruhusu kuukanyaga ukiwa tayari unatembea. Unatembea! Mashine inaitwa ya kukimbilia. Kuna bibi aliyeingia kuuliza njia, akatoka, akarudi kufuata mwavuli wake, na mimi nilikuwa bado nipo palepale.

Nilipomwomba aiinue mashine iwe kama mlima, alikataa katakata, akasema magoti yangu yana mzigo wa kutosha. Nilipopeleka mkono kwenye kitufe cha kuongeza mwendo, aliuondoa kwa upole, kama unavyouondoa mkono wa mtoto kwenye bakuli la sukari. Na jasho lilipoanza tu kunitoka akasema, "Inatosha kwa leo, fundi. Kesho pumzika." Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe. Mke wangu alikuwa amechemsha maji ya kunikanda. Tukayaoshea vyombo.

2. Nimewekwa dirishani.

Kabla sijapanda mashine yoyote, Kocha alilala chini na tochi, mbele ya watu, akisoma kibati kinachoeleza uzito ambao kila mashine inaweza kubeba. Mashine zote za katikati zilishindwa mtihani. Iliyofaulu ni ile ngumu ya dirishani, inayotazama barabara, na barabara ndiko waliko wateja wangu. Kuna mmoja aliichukua dukani kwangu suruali yake ambayo sijaimaliza, akaja kuibandika kwenye kioo, akawa ananionyesha pindo kwa kidole huku akiuliza kitu. Mikono yangu ilikuwa kwenye vishikio, kwa hiyo nikatikisa kichwa. Yeye akaelewa kwamba itakuwa tayari kesho. Mbaya zaidi, kesho yake ilikuwa tayari, na sasa wamekuwa wengi wanaokuja kuniwahi pale kwenye kioo.

3. Nimekatazwa kutazama miguu yangu.

Kocha anasema nikiitazama nitapepesuka. Naomba ieleweke kwamba mimi na miguu yangu hatujaonana kwa miaka, na juzi, kwa mara ya kwanza, niliona ncha za raba zikitokeza na kupotea, zikitokeza na kupotea. Mtu mwenye huruma angetuacha tusalimiane. Halafu kuna ile kamba yenye kibanio anayonibania kifuani, ili nikiteleza ichomoke na mashine isimame. Inasimama kweli. Inasimama hata mtu akigeuka tu kumjua aliyeingia. Siku hizi nimeacha kabisa kugeuka, jambo lililonigharimu sana, kama utakavyosoma chini.

4. Nalazimishwa kuongea.

Hapa ndipo penye uchungu. Kocha ana sheria ambayo sijaiona ukutani. Anayeanza, hasa mzito kama mimi, atembee kwa mwendo ambao bado anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Akishindwa, mwendo umezidi, apunguziwe. Ni sheria nzuri kwa watu wanaoongea.

Mimi, Ndugu Meneja, ni mtu wa pini. Tangu nikiwa mwanagenzi nimefanya kazi nikiwa nimezibana pini midomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hajifunzi kuropoka. Wateja hueleza wanachotaka, mimi huitikia kwa kichwa. Nyumbani pini nazitoa, lakini mdomo umeshazoea. Mke wangu huongea kwa niaba ya wote wawili, na kazi hiyo ameifanya vizuri bila msaada wangu.

Mara ya pili nilitembea kimya, kama kawaida yangu, nikiwa mzima. Kocha akaniangalia, akapunguza mwendo. Nikanyamaza. Akapunguza tena. Nilipoendelea kunyamaza akabonyeza kitufe chekundu, akanikalisha, akaniletea maji, akanishika mkono kutafuta mapigo. Akaniuliza kama kifua kinauma, kama naona kizunguzungu. Nikakataa kwa kichwa tu, bila neno, na hilo likamtia hofu zaidi. Nikaelewa kwamba katika ukumbi huu mtu aliyenyamaza anahesabiwa mgonjwa. Tangu hapo naongea bila kupumzika, mkanda unapoanza mpaka unaposimama.

Nilianza na hali ya hewa. Ikaisha. Nikaingia kwenye vitambaa, kipi kinasinyaa na kipi kinachuja, navyo vikaisha. Nikagusia vipimo vya baadhi ya wateja, bila majina, na naomba waliosikia wasahau. Baada ya hapo sikuwa na akiba nyingine isipokuwa maisha yangu. Nikaanza kueleza jinsi mama mkwe alivyonikataa hapo mwanzo kwa kuwa nilikuwa mwembamba mno, akisema mwanawe hawezi kuolewa na msumari.

5. Nimepata wasikilizaji.

Yule dada wa benki, anayeendesha baiskeli isiyokwenda popote, alikuwa akivaa visikilizio masikioni. Ameviacha. Sasa nikipanda tu mashine ananiambia, "Haya fundi, juzi tuliishia mama mkwe amefunga mlango." Wengine wamebadilisha saa zao za mazoezi ili zilingane na zangu, na baiskeli zilizo karibu na dirisha zinagombaniwa. Kuna baba mmoja wa kunyanyua vyuma ambaye huviweka chini tunapofika penye utamu. Imenibidi nitie chumvi kidogo, kwa sababu ndoa yangu ina sehemu ndefu zisizo na tukio lolote.

Kocha badala ya kuwafukuza anafurahi. Anasema kwa kuwa sasa natembea muda mrefu zaidi kuliko nilipoanza na bado nasimulia bila kuhema, moyo wangu unapata nguvu. Sikuja kwenu kuwa redio.

6. Benchi.

Siku moja nilisahau taulo. Mke wangu akaja kuniletea, akakuta nimeshaanza, akaketi kwenye lile benchi lililo nyuma ya mashine yangu. Mimi, kwa sababu ya kibanio kilichotajwa kwenye lalamiko la tatu, sikugeuka. Katika simulizi yangu nilikuwa nimefika kwa daktari.

Nilisema, kwa sentensi nzima nzima, yale aliyoniambia daktari alipovua miwani. Nilisema kwamba nyumbani nilimweleza mke wangu kuwa nimeambiwa tu nipunguze chumvi. Nilisema naogopa. Nilisema nikiwa kwenye cherehani mchana, mara nyingine naachia kitambaa na kuweka mkono kifuani kusikiliza kama kazi bado inaendelea humo ndani. Nilisema kinachonisumbua zaidi ni kwamba nikiondoka, atampata wapi mtu mwingine wa kuongea naye ambaye hamkatizi?

Nikaona baiskeli ya dada wa benki imesimama, na mwenyewe anatazama benchi lililo nyuma yangu. Ndipo nikajua.

Tulirudi nyumbani pamoja. Yeye ameshika taulo, hasemi kitu, barabara nzima. Mke wangu! Tangu siku hiyo amekuwa akija kila ninapokuja, taulo ipo au haipo, anaketi kwenye benchi lenu, anashika tama na kunisikiliza. Nyumbani hasimulii tena habari za majirani. Anangoja kipindi changu kijacho kama watu wengine wote. Kikaango amemgawia jirani. Suruali zangu zimeanza kunipwaya na inabidi nizipunguze mwenyewe, kazi ambayo hakuna mteja yeyote wa kunilipa.

Jana nilimwambia asije tena, kwamba mahali penyewe pana makelele na hapamfai mama wa heshima yake. Akajibu, "Sawa." Katika maisha yetu yote ya ndoa hajawahi kunijibu kwa neno moja. Nimejisikia vibaya mno, na kwa kuwa siwezi kumlaumu yeye wala mimi mwenyewe, nimeona nikulaumu wewe.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima:

(a) Kocha akubali kwamba kimya ni afya, na aridhike na ishara ya kidole gumba;

(b) benchi liondolewe, lipelekwe kwa wanaonyanyua vyuma, ambao hawasemi chochote cha siri;

(c) dada wa benki arudishiwe visikilizio vyake, hata kwa kulazimishwa;

(d) na kama hayo yote hayawezekani, basi mashine yangu ipandishwe mwendo mpaka mwisho kabisa, niliokuja kuufuata tangu mwanzo, ili nihame kutoka kwenye maneno na kwenda kwenye kuhema, ambako hakuna mtu atakayenisikia wala kunihoji. Daktari naweza kumweleza mwenyewe kwa maandishi.

Nikikosa jibu la kuridhisha nitapeleka shauri hili kwa shemeji yangu, na naamini huhitaji ushauri wake.

Nifikishie salamu kwa anayefagia ukumbi, kwa dada wa mapokezi aliyenitafutia kiti cha pili bila kucheka, kwa dada wa benki na baba wa vyuma (waambie mama mkwe alifungua mlango mwishowe), na hata kwa Kocha, ambaye sina ugomvi naye nje ya saa za kazi.

Wako katika kupungua,

Fundi wa mlango wa kijani

Nakala: Daktari wangu, Shemeji (kwa taarifa tu, asijibu).

Nyongeza: Barua hii niliimaliza jana asubuhi. Leo bahasha bado iko wazi, na imebidi niongeze haya.

Jana jioni, baada ya kula, tulibaki mezani mimi na mke wangu, kimya. Nimeishi na kimya maisha yangu yote, lakini sikuwahi kukaa upande wa kukipokea. Ni kibaya, Ndugu Meneja. Nilitaka kumwambia neno. Nilifungua mdomo, halikuja. Nikafungua tena, hakuna. Basi nikainuka, nikaanza kutembea: kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la vyombo, kutoka kwenye kabati hadi mlangoni, mwendo uleule wa Kocha, kichwa juu. Nilipokwisha kupata joto, maneno yakaja.

Nilimwambia sitaki kufa. Nilimwambia nilimficha kwa sababu niliogopa kuiona sura yake akisikia, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kusema nikiwa nimempa mgongo. Nilimwomba msamaha kwa miaka yote ya pini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akavua ndala zake, akaanza kutembea pembeni yangu, kabatini hadi mlangoni, mpaka tukachoka wote wawili.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote niliyoandika uyapuuze. Mwendo usiongezwe. Benchi mnaweza kuliondoa kweli, maana mke wangu hatalihitaji tena: anaomba uanachama, na mashine iliyo karibu na yangu. Ameshapanga kwenda kwa daktari kwanza kupimwa, na raba anazo. Anasema naye ana mambo ambayo hajawahi kuyasema. Mimi nilidhani aliyasema yote. Tafadhali mwambie Kocha asije akamwambia inatosha kwa leo.