Kengele ya Kuhesabu Seli

Jumatatu, 11 Aprili 1983
Nafasi ya kozi Dar es Salaam ni moja, na katika maabara ya hospitali tuko wawili: mimi Anselmi, na Skolastika. Jumatano anakuja Daktari Severini kutoka mkoani kutupima. Kila mmoja atahesabu seli za damu kwenye hadubini ile ya msaada, ambayo seli zikitiwa rangi zinang'aa kijani. Skolastika anahesabu kwa macho, moja moja, kama anachambua maharage. Mimi siwezi! Nikifika ya kumi nimeshasahau ya tisa. Kwa hiyo nimeamua: itahesabu mashine.

Jumanne, 12 Aprili
Nimefunga kipima mwanga cha kamera mbovu juu ya hadubini. Nikisogeza kioo chenye damu, sindano yake inapanda penye mwanga, inagusa waya, kengele inalia. Penye giza, kimya. Mashine yenyewe inajua seli inaanzia wapi na kuishia wapi! Skolastika akauliza, zikigusana je? Nikamjibu seli zangu zina adabu.

Vioo vyake ameviosha kwa majivu, maana sabuni Babati hii imebaki jina. Majivu! Kwa mtu anayetaka kwenda Dar! Nilikimbia nyumbani Maisaka, nikachota sabuni ya unga, ile iliyovuka mpaka wa Namanga bila kuaga, ambayo mke wangu Bernadina ameifukia kwenye debe la mahindi. Nikasugua vyangu. Sikuvisuuza sana, nisije nikaipoteza bure.

Jumatano, 13 Aprili
Balaa. Skolastika alipata seli mia mbili na kumi na nne. Kengele yangu ililia kabla sijasogeza kioo, na haikunyamaza. Wagonjwa wa wodi ya pili wakadhani ni kengele ya kanisa ya saa sita, wakaanza kusali Malaika wa Bwana. Daktari Severini akachungulia, akasema sabuni ya unga nayo hung'aa kwenye mwanga wa hadubini hii. Kisha akauliza, kwa upole ulionitisha, nimeipata wapi, ilhali walanguzi wanasakwa nyumba kwa nyumba. Nikasema nimepewa parokiani. Sista Dorothea, mtunza stoo wa parokia, alikuwa amesimama nyuma yangu. Njia ya mwongo fupi.

Alhamisi, 14 Aprili
Skolastika anakwenda Dar. Imeniuma, nasema kweli. Miaka sita nimeisubiri kozi hii. Sista amenitetea nisishtakiwe, kwa sharti kwamba sabuni yote iende wodi ya wazazi, nami nioshe vioo kwa majivu mwaka mzima. Skolastika amenipa pole, na mfuko wa majivu.

Ijumaa, 15 Aprili
Sikubali kushindwa! Mashine haikukosea: ilitafuta kinachong'aa, ikakipata. Basi itanasa sabuni ya magendo hata kwenye nguo za walanguzi. Kesho saa nne naipeleka mbele ya kamati inayowasaka. Kozi watanibembeleza! Bernadina nimemwambia tu kwamba naitwa na wakubwa. Amenifulia shati jeupe kwa sabuni kidogo ya lile debe, aliyoificha Sista asiione, nalo limetakata hadi linaumiza macho.