Sisi Kina Mama wa Jericho Tunaunga Mkono Mstari wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu anarekebisha intaneti ya dunia. Nimeshawaambia soko zima la Jericho, walionunua mapazia kwangu na waliokuja kushikashika tu.

Shirleen anasema si hivyo hasa. Kuna wahandisi ng'ambo wanaandika kiwango, yaani kanuni ambazo kila kimashine cha waifai kitafuata. Kabla ya kuzifunga wanaweka rasimu hadharani, watu wasome, watoe maoni. Mtu yeyote. Si lazima uwe mwanachama wao, si lazima utumwe na kampuni kubwa. Unaandika ukurasa, mstari, kosa ni lipi, na wewe ungeandikaje. Basi.

Nikamuuliza, hata mimi? Akasema kinadharia. Neno zuri sana hilo.

Yeye ameona kosa ukurasa wa arobaini, mstari wa tisa. Wameandika kwamba umeme ukikatika na stima ikirudi, kila kimashine kiamke papo hapo. Hao hawajawahi kupotelewa na stima, maskini. Shirleen anafunga waifai kwenye maghorofa ya Kariobangi, anajua. Stima ikirudi, vimashine vya ghorofa nzima vinaamka pamoja, vinapiga kelele pamoja, hakuna kinachomsikia mwenzake, na simu inayolia ni ya Shirleen. Anataka waandike kila kimoja kingoje kidogo, na kila kimoja muda wake.

Maoni yanafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kampuni moja huko Upper Hill imemwambia kazi ni yake akiwaonyesha jambo moja alilochangia likakubaliwa. Moja tu. Na mama yake ni mimi. Huyo tayari ameajiriwa.

Jumanne, 4 Machi

Raho, anayeuza madera kibanda cha pili, ana binti anayesomea ufamasia. Bilan hivi, Bilan vile. Bilan akipiga chafya soko linatangaziwa. Leo nikamwambia Shirleen wangu anaandika sheria ya waifai. Raho akafikiri, kisha akauliza kwa upole wake ule wa sindano: Mama Shirleen, basi mbona ya kwangu nyumbani hulala kila stima ikirudi? Nikamwambia asubiri, hiyo iko ukurasa wa arobaini. Akarudi kukunja madera yake. Amefunga Ramadhani, kwa hivyo hata chai ya ushindi sikuweza kumnunulia.

Jioni nimetuma maoni yangu mwenyewe, nimsafishie mtoto njia. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Kosa: mmeanza bila salamu wala maombi. Mimi ningeandika: Hamjambo nyote, tuanze na neno la sala. Simu imenitafsiria.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejibiwa. Kumbe ni lazima wajibu kila maoni, hata yawe ya nani, na watoe sababu. Sisi hapa tumeandikia ofisi kuhusu bomba la maji taka mpaka tumeota mvi. Bwana Henrik, mhariri wa rasimu, amesema maoni yangu yamezingatiwa, ila hayatabadilisha kitu. Nimeipeleka barua yake saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, ikachapishwa kwa rangi. Iko kibandani, juu ya mapazia ya maua.

Shirleen ameiona akashika kichwa. Mathe, akasema, "yamezingatiwa" ni kutupwa kwa adabu. Wivu huo. Yeye mwenyewe amepata mpinzani, mtu wa kampuni fulani anayedai kungoja kutakera wateja. Nikamuuliza kura ni lini. Hawapigi kura, akasema. Wanapima sababu za kila mtu, waone kama kwa jumla wanakubaliana. Na kwenye mkutano, mwenyekiti akitaka kujua watu wameegemea wapi, hawanyooshi hata mikono. Wanaguna. Mmmm. Anasikiliza upande upi umeguna kwa nguvu. Watu wazima, na digrii zao.

Hawapigi kura. Wote husema hivyo kabla hujaleta watu.

Jumamosi, 8 Machi

Mtu anifundishe mimi kutoa maoni? Nimetoa maoni kwenye mikutano ya ukumbi wa Kaloleni tangu Shirleen akiwa mgongoni. Anayekuja peke yake na hoja nzuri huonyeshwa kiti cha nyuma. Anayekuja na kina mama, vitambaa vya rangi moja, neno moja, huyo anaandikwa. Hivyo ndivyo tulivyopitisha ukarabati wa lile bomba. Kwamba bado linapasuka ni habari nyingine.

Nimemwendea Lydiah, kiongozi wa kwaya yetu. Akauliza kama waifai yenyewe ni ya kanisa. Nikamjibu ni ya dunia, na kanisa limo duniani. Nimetunga maneno machache mazito: Sisi kina mama wa Jericho tunaunga mkono ukurasa wa arobaini, mstari wa tisa. Kila mtu atume hivyo hivyo, asiongeze chumvi. Lydiah atayapeleka kwa kwaya zote za Eastlands anazozijua, na huyo Lydiah anajuana na watu kuliko chifu.

Raho pia nimemwomba. Iliniuma. Amesema atatuma kwa ajili ya waifai yake, si kwa ajili yangu.

Jumapili, 9 Machi

Tumetuma baada ya ibada, kwa mpigo mmoja, Lydiah akituanzisha kwa mkono kama ni wimbo. Waifai ya kanisa ikazirai. Tukatoka nje, tukamalizia kwa bando. Siku tukufu.

Jumatatu, 10 Machi

Shirleen hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi akasema polepole kwamba mstari wa tisa ndio kosa lenyewe. Ndio ule aliotaka ubadilishwe. Kwaya zote za Eastlands zimewaambia wahandisi wauache hivyo hivyo.

Yule mpinzani ameshaandika. Anawashukuru kina mama wa Jericho. Anasema wananchi wa mashinani wamenena.

Nikamwambia Mungu anajua nia yetu. Akasema Mungu hayuko kwenye kile kikundi cha wahandisi. Nilimpikia mukimo, akaugusa tu akauacha. Mtoto aliyekuwa akilamba sufuria.

Jumanne, 11 Machi

Kosa la watu wengi hurekebishwa na watu wengi. Saa sita mchana kamili, kwaya zote: Tulikosea, tunapinga mstari wa tisa. Kwa mpigo, ili wasikie uchungu wetu. Raho akauliza mbona wasitume mmojammoja, kila mtu kwa nafasi yake. Nikamwambia abaki na madera yake.

Jumatano, 12 Machi

Kisanduku chao cha maoni kimezirai. Wakikiwasha, simu zetu zote zinatuma tena kwa pamoja, kinazirai tena. Shirleen alikuwa na jibu zuri la kumjibu mpinzani, ameliandika na mifano ya Kariobangi, na halina pa kupitia. Keshokutwa wanafunga.

Amenitazama. Niseme ukweli wangu, kwa muda kidogo nilitamani kuwa mama wa Bilan.

Ameamua kumwandikia Bwana Henrik moja kwa moja. Amemwambia hao wote ni mama yake.

Ijumaa, 14 Machi

Wameongeza muda wa maoni kwa sababu kisanduku kiliharibika. Unaona? Wahandisi wa dunia nzima wameongezewa muda na kwaya. Hakuna aliyenishukuru.

Bwana Henrik amemjibu Shirleen. Anasema siku mbili amekuwa akiwasha mtambo wa kile kisanduku, unaamka, kila mtu anaupigia kelele pamoja, unaanguka. Sasa ameuambia usipokee wote kwa pamoja, kila simu ingoje muda wake, na mambo yametulia. Anauliza kama tatizo la maghorofa ya Kariobangi linafanana na hilo. Shirleen alicheka mpaka akafuta machozi. Sikuelewa kinachochekesha, ila nilicheka naye, mtoto amekula.

Ijumaa, 28 Machi

Yamekubaliwa. Mstari wa tisa umebadilishwa, kila kimashine kitangoja muda wake. Nyuma kabisa, kwenye shukrani, lipo jina la Shirleen. Upper Hill wamempigia, anaanza kazi mwezi ujao.

Nimetembea soko zima. Nilipofika kwa Raho nikamwambia kazi ya kina mama hiyo. Raho akasema hongera, kisha akasema hata jana stima ilirudi na waifai yake ikalala. Shirleen alikuwa amenieleza kwamba kanuni mpya itachukua miaka kufikia vimashine vya madukani. Sikuona haja ya kumsumbua Raho na hayo, na Idi inakaribia.

Tena si jina la Shirleen tu. Kwenye mwongozo wao kwa watu wa nje wameongeza sentensi mpya: maoni yenye maneno yaleyale, hata yakitoka kwa watu elfu, yatahesabiwa kuwa maoni ya mtu mmoja. Hiyo ni yangu. Shirleen ana mstari uliorekebishwa, mimi nina sheria nzima. Nimeichapisha kwa rangi, iko karibu na ile ya kwanza.

Leo Shirleen amenishika mikono yote miwili, akaniapisha kwamba sitawatumia tena wale wahandisi neno hata moja, wala mimi wala kwaya. Nimeapa kwa Biblia. Mimi nikiapa nimeapa.

Mkutano wao ni Julai, kwenye mtandao, na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia. Lydiah anasema sauti ya pili ndiyo inayoguna vizuri zaidi. Tunaanza mazoezi Jumapili.